Bomba la Chuma la Uani

Tarehe 9 Februari

Mke mwenzangu,

Kama miguu imekatika niambie, mjukuu wangu, nitume mtu akusukume kwenye toroli. Mvua zimenyesha zikaisha, mlango wangu wa mbele umevimba ukanywea tena, na wewe hujaonekana. Hata mgonjwa aliyelazwa hupewa ruhusa. Unajenga jengo gani huko lisilokwisha? Kama mmeshafika mbinguni, niulizie babu yako kama ameacha kukoroma.

Usinipigie simu. Ile uliyoniletea nimeifungia kabatini. Sauti yako humo ndani ni ya nzi kwenye kopo, nami siongei na nzi. Andika barua kama mtu. Mwandishi wangu ni yule yule Mama Cherehani, mpangaji wangu wa chumba cha ng'ambo ya ua, anayewashonea watoto wa mtaa huu sare za shule. Mimi nasema, yeye anaandika. Nikisema neno lisilo na adabu ananitazama juu ya miwani. Namwambia andika hivyo hivyo, mdomo ni wangu.

Sasa bomba. Umesema unataka kung'oa mabomba yote ya chuma ya nyumba hii uweke plastiki. Sitaki. Nimeshakujibu, tuendelee na mengine.

Ni kweli kuna mahali linatoa jasho, pale kwenye ukuta wa uani, katikati ya jikoni kwangu na chumba cha Mama Cherehani. Nimelifunga kitambaa. Kinalowa, nakikamua, nakirudisha, kama mtoto wa nepi. Na maji yanakuja kidogo, tena ya kahawia, lakini hiyo ni kazi ya bomba kubwa la barabarani. Usinisingizie mimi.

Shangazi yako alikuja Jumapili. Alizunguka nyumba kama mtu anayetaka kuinunua, akashika kuta, akakanyaga sakafu ya bafuni kwa ncha ya kiatu. Halafu akasema, "Mama, siku utakapoanguka humu ndani, mara moja tu, nakuja na gari kukuchukua." Anakaa ghorofa ya tatu. Nikamuuliza, na kuku wangu watapanda ngazi? Akasema kuku hawaji. Nikamwambia basi na mimi siji. Saruji ya nyumba hii niliichanganya kwa mikono yangu, nikiwa na mimba yake yeye huyo huyo anayetaka kunitoa. Nitatoka humu siku ya kubebwa, na siku hiyo sitakuwa na habari.

Yeye ananipenda, najua. Lakini mapenzi yake yana kamba.

Njoo unione. Usiponitembelea mwezi huu nitampa mtu mwingine kile kitanda chako.

Bibi yako


Tarehe 17 Februari

Shikamoo Bibi,

Miguu ninayo, ila imezama kwenye matope ya kazi. Ni hosteli ya wanafunzi, na kila ghorofa ina mabafu na vyoo pande zote mbili, na mabomba yote yako juu ya kichwa changu. Nikigeuka kidogo tu, kuna fundi anataka kuunganisha maji safi na maji machafu. Usimpe mtu kitanda changu. Nakuja, sijui tu ni lini.

Bibi, usikasirike. Nisikilize kama ulivyokuwa unamsikiliza babu, maana naye hukumsikiliza sana lakini alau ulimwacha amalize.

Bomba la chuma lililochovywa zinki ni bomba zuri, silitukani. Ni gumu. Ukiliangushia jiwe linabonyea, halipasuki. Jua haliliwezi, panya hawalitafuni. Hapa kazini mabomba ya kuzimia moto yote nimeweka chuma, na yale yanayopita nje ya ukuta vilevile. Kwa hiyo usifikiri nimelogwa na plastiki.

Lakini ile zinki ni koti tu, Bibi. Maji yanalivua koti hilo kidogo kidogo kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Na pale fundi anapochonga nyuzi kwenye ncha, kama zile za parafujo, ili aunge bomba na bomba, analikwangua koti kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo maana jasho huanzia kwenye maungio. Koti likishaisha, kutu inaota kwa ndani, inanenepa, tundu linabaki jembamba, na maji yanakuja kama ya kuombwa. Ukilitazama nje, bomba linang'aa. Ndani limekabwa koo. Tena ni zito, kulibeba ni watu wawili na kulichonga ni jasho la siku nzima.

La plastiki halijui kutu. Ni jepesi, naliweka begani natembea nalo. Kasoro zake nazijua. Ukiliacha juani linakauka na kukatika kama mkate mkavu, na ukilining'inizia ndoo linalegea. Lakini ukilizika kwenye mtaro linatulia.

Kuhusu maji ya kahawia, tusibishane. Asubuhi, kabla mtu hajagusa maji, jaza glasi moja. Kisha acha koki wazi mpaka ijaze ndoo, halafu jaza glasi ya pili. Zikiwa rangi moja, ni bomba la barabarani, nitakuomba radhi. Ya kwanza ikiwa chafu na ya pili safi, ni kutu yetu wenyewe, iliyolala na maji usiku kucha.

Na uniambie ukweli, kwa nini unaling'ang'ania hivyo? Kama ni kwa sababu babu ndiye aliyeliweka, sema tu. Nitaelewa.

Msalimie Mama Cherehani.

Mke mwenzio,
Spana


Tarehe 26 Februari

Mke mwenzangu,

Nimejaza hizo glasi. Ya kwanza ilikuwa chai ya rangi, ilibaki sukari tu. Ya pili ilikuwa safi. Mama Cherehani alikuwa shahidi, na alicheka kabla sijampa ruhusa. Haya, umeshinda. Usiitembeze habari hiyo kwa shangazi yako.

Lakini umekosea hapo pa babu yako. Babu yako nilimpenda akiwa hai, sihitaji bomba la kumkumbukia. Kila nikinyoosha miguu kitandani bila kukutana na ile miguu yake ya barafu, namkumbuka vya kutosha.

Bomba naling'ang'ania kwa sababu nalitumia, na si kwa maji peke yake. Wewe ulikua humu lakini ulikuwa mtoto, ulikuwa unalala mpaka jua linakukuta, kwa hiyo hujui mambo ya asubuhi. Bomba linatoka bafuni kwangu, linapita jikoni, linafuata ukuta wa uani mpaka chumbani kwa Mama Cherehani, karibu kabisa na cherehani lake. Cherehani hilo linanguruma kama mashine ya kusaga. Nikimwita kwa mdomo, hata nipasuke koo, hasikii. Basi ametundika mkasi wake kwenye bomba kwa uzi. Mimi nikigonga huku kwa kijiko, mkasi unacheza kule mbele ya macho yake. Naye anagonga kunijibu.

Mara mbili maana yake nimeamka, wewe je. Mara tatu, chakula kiko tayari, acha uchoyo wa muda uje ule. Nyingi mfululizo maana yake njoo haraka. Hizo sijawahi kuzigonga, na sina haja.

Ndiyo maana namwambia shangazi yako kwamba silali peke yangu. Anafikiri nasema mambo ya malaika.

Kwa hiyo sikia. Hilo lenye jasho lirekebishwe, maana hata ukuta sasa umeota ukungu na kitambaa kimenichosha. Mtume Fundi Kesho, najua naye alifunzwa na babu yako, ingawa somo la kuamka mapema alilikosa. Atengeneze hapo tu. Asiguse kwingine. Akigusa kwingine nitammwagia hayo maji ya kahawia.

Bibi yako


Tarehe 6 Machi

Shikamoo Bibi,

Leo nimecheka peke yangu juu ya ngazi mpaka mafundi wakadhani nimepata kizunguzungu. Mkasi unaocheza. Mngeniambia zamani ningewawekea na mlio wa kengele.

Nimefurahi umekubali. Nimezungumza na Fundi Kesho. Atakata kile kipande kilichooza, cha urefu wa kama mikono miwili ya mtu mzima, na kuweka cha plastiki mahali pake, na viungio vizuri nimemtumia mimi mwenyewe kutoka huku. Ni kipande hicho tu. Kitakuwa chini ya lile bati lililoegemezwa nje ya ukuta wa jikoni, jua halikifikii. Maji yatapata nguvu kidogo na ukuta utakauka. Hutajua hata kama kuna kitu kimebadilika.

Hayo mengine tutayazungumza nikija.

Spana


Tarehe 28 Machi

Shikamoo Bibi,

Hujanijibu. Fundi Kesho ananiambia kazi ilikwisha zamani, kwamba maji yanatoka kwa nguvu mpaka ulimsifu, na kwamba ulimpa chakula. Kama ulimsifu Fundi Kesho, basi kweli ulifurahi. Sasa kimya hiki ni cha nini?

Kama ni hasira kwa sababu sijaja, nigombeze. Nimeizoea. Usininyamazie.

Shangazi aliniuliza jana kama unaniandikia. Nikasema ndiyo, juzi tu. Nimekudanganyia, kwa hiyo nisaidie isiwe uongo.

Spana


Tarehe 3 Aprili

Mwanangu Spana,

Barua hii ni yangu mimi, Mama Cherehani. Naiandika kwenye meza ya kukatia vitambaa na hakuna anayenisemea. Bibi yako ameniapisha nisikufungulie mdomo. Sijaufungua. Nimefungua kalamu.

Kwanza tulia. Ni mzima, anakula, na asubuhi hii amenitukana mara mbili.

Sasa nikueleze. Fundi Kesho alikuja siku ile ile aliyoahidi, jambo ambalo lilipaswa kutushtua. Alifanya kazi safi. Jioni ile bibi yako na mimi tulikuwa tumevutana kidogo kuhusu gauni. Nililikunja upindo, akasema limekuwa fupi, nimemshonea sare ya darasa la kwanza. Nikamwambia kama hataki alishone mwenyewe. Mambo yetu ya kawaida, unatujua.

Asubuhi yake nikaketi kwenye cherehani nikasubiri mkasi ucheze. Haukucheza. Nikasema huyu amenuna. Nikagonga mimi. Kimya. Nikasema amenuna kweli, basi na anune. Kumbe naye huko alikuwa amegonga asubuhi na mapema, akasubiri, hakujibiwa, akasema huyu mpangaji amenivimbia kwa sababu ya upindo, na avimbe. Mchana akagonga mara tatu, hakuniona mezani, akala peke yake. Mimi nikala wali niliouunguza.

Mwanangu, tulikaa hivyo. Tukikutana uani tunasalimiana kama watu wa ofisini. "Habari za asubuhi." "Nzuri." Mimi nina kiburi, na yeye unamjua. Barua yako ilipokuja, nilimpelekea mlangoni, akaipokea na kuiweka chini ya mto, maana hakutaka kuniomba niisome. Ndiyo sababu ya kile kimya. Mkono wa kuandika ulikuwa umenuna na mdomo wa kusema ulikuwa umenuna.

Halafu Alhamisi mchana aliteleza bafuni. Aliangukia upande wa kushoto, akakaa pale sakafuni hawezi kuinuka. Akachukua kopo la kuogea akagonga bomba. Akagonga nyingi mfululizo, zile ambazo hajawahi kuzigonga. Mimi nilikuwa nashona kola, na mkasi ulikuwa unaning'inia mbele yangu umetulia kabisa.

Sikuja kwa sababu nilisikia. Nilikuja kugombana. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote tangu usiku, nikaona leo nikamwambie. Nikamkuta ameketi pale, kopo mkononi. Akanitazama akasema, "Niinue kwanza. Nitakusikiliza nikiwa nimesimama." Nikamshika kwapani nikamwinua.

Muuguzi wa zahanati amemtazama. Hakuna mfupa uliovunjika, ni nyonga tu imeumia, ana jeraha jeusi kama biringanya. Anatembelea fimbo na anasema ni ya kufukuzia kuku.

Tulipotulia ndipo tukachunguza. Yeye akagonga bafuni, mimi nikafuata bomba na sikio. Jikoni nasikia. Nje ya jikoni nasikia. Nikafika kwenye ile plastiki, ni kama kugonga godoro. Ng'ambo yake hakuna kitu. Tukatazamana. Hakuna aliyeomba radhi, lakini jioni ile alinipikia.

Sasa nimehamishia cherehani kwenye korido yake. Halienei. Wateja wanajaribia sketi jikoni kwake, na bibi yako anawaambia ukweli kuhusu miili yao. Siwezi kuendelea hivi, na yeye hataki nilale kwake, anasema yeye si mtoto mchanga. Anachoogopa ni kimoja tu. Shangazi yako akisikia kwamba ameanguka, gari litakuja, na huyu mama akitolewa humu, mwanangu, sijui kama atafika masika mengine. Hayo ni yangu, hakuyasema yeye.

Mimi sijui mabomba, wewe ndiye fundi. Fanya unachokijua, na usimwambie kwamba nimekwambia.

Mama Cherehani


Tarehe 8 Aprili

Shikamoo Bibi,

Natumaini hujambo. Sijasikia habari zako kutoka kwa mtu yeyote. Ila nimeota.

Nimeota umeteleza bafuni, umeketi sakafuni, na nyonga ya kushoto inakuuma. Nilipoamka sikuweza kunywa hata chai. Pole sana Bibi, kwa hiyo ndoto. Sijamsimulia shangazi, na sitamsimulia. Ndoto ni zako, utaamua mwenyewe nani aambiwe.

Baada ya ndoto nilienda kazini nikafanya jambo moja. Nilimweka fundi ghorofani, mimi nikabaki chini, nikagonga bomba la chuma. Akasikia, akanijibu. Nikagonga la plastiki. Hakusikia kitu. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji. Barua yako ya mkasi niliisoma, nikacheka, na siku hizo hizo nikaagiza kukatwa kwa kitu kile kile nilichokuwa nakichekea. Nilikuwa naona maji tu. Fundi Kesho hana kosa, usimguse. Alifanya nilichomwambia.

Sasa sikiliza ninachotaka kufanya, na mara hii nakuomba ruhusa.

Kazi ya bomba lako ni mbili, kwa hiyo tutazigawa. Maji nitayahamishia kwenye bomba jipya la plastiki, kutoka kwenye mita mpaka jikoni na bafuni, na nitalizika kwenye mtaro ili jua lisilione. Utakunywa maji meupe asubuhi na mapema. La chuma sitaling'oa. Nitalikausha maji yote na litabaki pale pale ukutani. Kile kipande cha plastiki nitakitoa, nirudishe cha chuma, nichonge nyuzi mwenyewe, nikaze mpaka chuma kikutane na chuma. Kwa nje zinki yake bado ni nzima, na kutu iliyomo ndani, ikikosa maji, itapunguza ulafi. Kwenye maungio nitapaka rangi.

Tena bomba tupu linalia kuliko lililojaa. Nimelijaribu hapa. Mkasi wa Mama Cherehani utaruka.

Niruhusu tu. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 27, nifike alfajiri, nifanye kazi, jioni nigeuze. Hosteli inakabidhiwa wiki inayofuata na wanataka niwepo.

Mke mwenzio,
Spana


Tarehe 15 Aprili

Mke mwenzangu,

Ndoto yako imeniogopesha. Imejua chumba, imejua sakafu, imejua mpaka upande. Nimemuuliza Mama Cherehani kama naye huwa anaota. Ameangusha sindano ghafla, na mpaka sasa anaitafuta chini ya meza. Ndoto hiyo ina mwandiko mzuri.

Andika, Mama Cherehani, usiruke mstari. Najua mahali uliporuka ulipokuwa unanisomea barua yake, maana sauti yako ilipanda.

Mjukuu wangu, sijakasirika. Nilianguka, ndiyo. Sakafu ilikuwa na sabuni na mimi nilikuwa na haraka isiyo na sababu. Niliketi pale nikagonga na kugonga, na kilichoniuma zaidi ya nyonga ni kwamba nilidhani huyu mwanamke anasikia na amekataa kuja kwa ajili ya upindo wa gauni. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Siku hizi akichelewa kutokea asubuhi naenda mwenyewe kumtazama, na fimbo yangu.

Mpango wako nimeusikia ukisomwa mara tatu. Maji yapite kwenye plastiki. Sina ugomvi na plastiki, ndoo zangu zote ni za plastiki na zimenitumikia. Chuma kibaki ukutani kifanye kazi yake nyingine. Ruhusa umepata. Ila mtaro wako upite nyuma ya matuta yangu ya mchicha. Ukikanyaga mchicha nitakuhesabia kama kuku. Na lile bati la jikoni uliinue taratibu, kuna jogoo analala chini yake na ana tabia mbaya.

Nimefikiri kuhusu shangazi yako. Nimechoka kumficha. Nikijifichaficha ndani ya nyumba yangu, ni sawa na kuwa nimeshahama. Nimemwita aje hapo Jumapili, tarehe 28, na safari hii aje na gari lake.

Nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba nilianguka, na siku gani, na niliketi kwa muda gani bila mtu kujua. Kisha nitamweka chumbani kwa Mama Cherehani, cherehani likiwa limerudishwa humo na likinguruma kwa nguvu zake zote, na mimi nitaingia bafuni nifunge mlango, nigonge. Mkasi ukicheza mbele ya macho yake, gari litarudi tupu na asinitajie ngazi zake tena mpaka niulize mwenyewe habari hiyo. Ukitulia, nitafungasha nguo zangu siku hiyo hiyo na nitapanda hizo ngazi bila kuvutwa mkono. Kuku nitakuachia wewe.

Mama Cherehani ameacha kuandika, ananiambia nisiweke ahadi kubwa namna hiyo. Nimemwambia aandike. Shangazi yako si mtu mbaya. Anataka kujua kwamba nikiita nitasikika, na hiyo ni haki yake, ni mwanangu. Akiona kwa macho atalala usingizi, na mimi nitalala kwangu.

Kwa hiyo unaona jinsi mambo yalivyo mikononi mwako. Hiyo habari ya kufika alfajiri na kugeuza jioni ifute. Babu yako hakuunga bomba na kuaga siku hiyo hiyo hata mara moja. Alilala kwenye nyumba ya watu, akaamka mapema, akapitisha kiganja kwenye kila ungio, palipolegea akakaza upya, ndipo akadai chai yake na kuondoka. Hao wa hosteli waambie bibi yako ana mtihani Jumapili na wewe ndiye msimamizi.

Njoo Ijumaa, pitia mlango wa jikoni, maana wa mbele umevimba tena na sitaki uuvunje kwa bega. Lete vyuma vyako, na nguo za kazi ambazo hutazililia. Na lete nguo za kulalia, tena zaidi ya jozi moja.

Bibi yako